Lavoisier: Mtu wa mizani aliyeonyesha ni lini kitu hugeuka kuwa kitu kingine

Katika bonde la Bugarama, wilayani Rusizi, mawe ya chokaa huingia kiwandani yakiwa magumu na hatimaye hutoka yakiwa unga wa kijivu. Kwa anayetazama kutoka barabarani, kazi yote huonekana kuwa moja: jiwe limesagwa. Lakini ndani ya kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984, jiwe hilo hupitia mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Kwanza hupondwa na kusagwa. Kisha huchomwa pamoja na udongo katika tanuri ambamo joto hufikia nyuzi takriban 1,450 za Selsiasi.

Jiwe lililosagwa bado ni jiwe la chokaa, hata likiwa laini kama unga wa muhogo. Jiwe lililochomwa si jiwe la chokaa tena. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa hadi mwisho hubakiza kilo 56 tu. Kilo 44 nyingine huondoka zikiwa gesi ya kaboni dayoksaidi. Badiliko la kwanza huitwa badiliko la kiumbo, kwa kuwa kitu kimebadili sura bila kubadili asili yake. La pili huitwa badiliko la kikemia, kwa kuwa kilichokuwapo kimetoweka na kitu kingine kimechukua nafasi yake.

Leo tofauti hiyo hufundishwa kwa wanafunzi wa sekondari. Miaka 250 iliyopita iliwashinda hata wasomi mashuhuri wa Ulaya, ambao waliamua mambo kwa rangi, harufu na ladha. Aliyewazoesha kuuliza mizani kabla ya kuuliza macho ni Antoine-Laurent Lavoisier, Mfaransa aliyezaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti 1743. Alikufa akiwa na umri wa miaka 50, kwa hukumu ya mahakama ya nchi yake mwenyewe, na miongoni mwa mashtaka yaliyomfikisha huko lilikuwamo suala la maji yaliyotiwa katika tumbaku.

Mwana wa mwanasheria

Lavoisier alizaliwa katika nyumba ya watu wenye uwezo. Baba yake alikuwa mwanasheria, na mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Alisoma katika Chuo cha Mazarin, kisha akafuata njia ya baba yake na kuhitimu sheria mwaka 1764. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea kwenye sayansi. Alihudhuria mihadhara ya kemia na kusafiri na mtaalamu wa miamba, Jean-Étienne Guettard, wakichunguza mawe na udongo wa Ufaransa.

Utafiti wake wa kwanza kuwasilishwa mbele ya Akademia ya Sayansi, mwaka 1765, ulihusu jasi, jiwe jeupe ambalo mafundi wa Paris walilichoma ili kupata unga wa kupaka kutani. Mafundi walijua kwamba unga huo ukichanganywa na maji hugeuka kuwa mgumu. Hawakujua sababu. Lavoisier alipasha jasi moto, akakusanya mvuke uliotoka, akaupima na kukuta kuwa ni maji matupu. Unga uliporudishiwa maji, uliyachukua tena na kuwa jiwe.

Somo lililojificha humo ni kubwa kuliko lilivyoonekana. Watu wengi hadi leo hudhani kwamba badiliko likiweza kurudishwa nyuma, basi ni la kiumbo tu. Barafu huyeyuka na kuganda tena. Chumvi huyeyuka ndani ya maji na kurudi maji yakikauka. Lakini jasi nayo hurudi, ingawa maji yake hayakuwa yameilowesha tu, bali yalikuwa yamefungamana nayo kama sehemu ya mwili wake. Kurudi au kutorudi si kipimo kinachotosha. Ni lazima kujua kilichoingia na kilichotoka, na kwa kiasi gani. Jasi hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo, huongezwa katika saruji wakati wa kusagwa ili isigande upesi mno mikononi mwa fundi.

Siku 101 za kuchemsha maji

Katika zama hizo wapo wasomi walioamini kwamba maji yanaweza kugeuka kuwa udongo. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mtu akichemsha maji safi kwa muda mrefu katika chombo cha kioo, mwishowe huona chembechembe za unga chini. Macho yalishuhudia maji yakiingia na udongo ukitokea, na wengi wakatosheka na ushahidi huo.

Mwishoni mwa mwaka 1768 Lavoisier alitia maji katika chombo maalumu cha kioo kilichoundwa ili mvuke urudi ndani badala ya kupotea. Alikipima chombo kikiwa kitupu, akakipima kikiwa na maji, akakiziba na kukiweka juu ya moto mdogo kwa siku 101. Alipopima tena, uzito wa jumla haukuwa umebadilika, kwa hiyo hakuna kilichoingia kutoka nje. Maji yenyewe hayakupungua. Kilichopungua uzito ni kioo, kwa kiasi kilichokaribiana na uzito wa unga uliopatikana.

Maji hayakuwa yamegeuka kuwa udongo. Yalikuwa yamechemka, yakawa mvuke, yakarudi kuwa maji mara zisizohesabika, na kila mara yalibaki maji. Unga ulitoka katika kuta za chombo, zilizoliwa na maji moto kidogo kidogo. Imani iliyodumu kwa vizazi iliondolewa na mtu mwenye subira na mizani nzuri.

Mwaka huo huo wa 1768 alichaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi, akiwa kijana wa miaka 24. Mwaka huo pia alifanya uamuzi ambao ungemgharimu maisha: alinunua hisa katika Ferme générale, kampuni ya watu binafsi iliyopewa na mfalme haki ya kukusanya kodi ya chumvi, tumbaku na bidhaa nyingine. Fedha za kodi ndizo zilizolipia vyombo vyake vya maabara.

Moto hautoi, moto huchukua

Swali kubwa la wakati huo lilihusu moto. Kuni zikiungua huacha majivu mepesi, na kwa sababu hiyo wasomi walisema kila kinachoungua hutoa kitu fulani kisichoonekana, walichokiita flojistoni. Maelezo hayo yaliridhisha kwa kuni na mafuta. Kwa madini yalikwama, kwa kuwa bati na risasi zikichomwa hadi kuwa unga huongezeka uzito.

Katika vuli ya mwaka 1772 Lavoisier alichoma salfa na fosforasi, akakuta kuwa nazo huongezeka uzito zikiungua. Miaka miwili baadaye aliweka bati ndani ya chombo cha kioo, akakiziba na kukipasha moto hadi sehemu ya bati ikawa unga. Chombo kikiwa bado kimezibwa, uzito ulikuwa ule ule wa mwanzo. Alipokifungua, hewa iliingia kwa mvumo, na hapo ndipo uzito ukaongezeka. Bati lilikuwa limechukua sehemu ya hewa iliyokuwa ndani.

Sehemu gani ya hewa? Mnamo Oktoba 1774 Mwingereza Joseph Priestley alipita Paris na kumweleza mezani kwamba alikuwa amepata gesi ya ajabu kutoka kwenye unga mwekundu wa zebaki, gesi ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa nguvu isiyo ya kawaida. Msweden Carl Wilhelm Scheele naye alikuwa ameifikia gesi hiyo kwa njia yake. Hakuna kati yao aliyeng'amua alichokuwa amekishika.

Lavoisier alipasha zebaki moto kwa siku 12 mfululizo ikiwa imegusana na hewa ya kiasi kinachojulikana. Magamba mekundu yalijitokeza juu ya zebaki, na hewa ikapungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Iliyobaki ilizima mshumaa. Kisha aliyachoma magamba hayo kwa joto kali zaidi, akapata tena gesi iliyopotea kwa kiasi karibu kile kile, na alipoichanganya na hewa iliyobaki, ikawa hewa ya kawaida. Gesi hiyo akaipa jina la oksijeni. Kuungua hakukuwa kupoteza flojistoni, bali kuungana na oksijeni.

Maelezo hayo yanahusu kila nyumba ya Kamembe yenye jiko la makaa. Kuvunja makaa ni badiliko la kiumbo, na vipande hubaki makaa. Kuyawasha ni badiliko la kikemia, na kinachoundwa hakionekani kwa macho. Makaa yakipata hewa ya kutosha, kaboni yake hugeuka zaidi kuwa kaboni dayoksaidi. Yakiwaka katika chumba kilichofungwa madirisha, hewa huwa haba na hutokea pia gesi nyingine, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Jiko lisilotoa moshi si lazima liwe salama, na aliyefunga dirisha kwa kuhofia baridi ya usiku hawezi kuitambua hatari hiyo kwa pua yake.

Mke, mshirika na mfasiri

Mnamo Desemba 1771 Lavoisier alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mwenzake katika kampuni ya kodi. Bibi harusi alikuwa na miaka 13, umri ambao leo sheria za nchi nyingi hazingeruhusu ndoa. Marie-Anne alikua na kuwa zaidi ya mwenye nyumba. Alijifunza Kiingereza, lugha ambayo mumewe hakuimudu, na kumfasiria maandishi ya wanakemia wa Uingereza. Mwaka 1788 kilichapishwa kwa Kifaransa kitabu cha Richard Kirwan kilichotetea flojistoni, kwa tafsiri yake yeye, kikiwa na majibu ya Lavoisier na wenzake. Aliandika pia kumbukumbu za majaribio na kuchora vyombo vya maabara kwa usahihi uliowawezesha wengine kuyarudia.

Katika majira ya baridi ya 1782 na 1783, Lavoisier na mwanahisabati Pierre-Simon Laplace walitumia badiliko la kiumbo kupima badiliko la kikemia. Walimweka simbilisi, mnyama mdogo anayefugwa katika nyumba nyingi za Kivu, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu. Barafu ikiyeyuka hubaki kuwa maji yale yale, na kila kilo yake huhitaji kiasi maalumu cha joto ili iyeyuke. Kwa kupima maji yaliyotiririka, walijua mnyama ametoa joto kiasi gani. Walilinganisha joto hilo na lile la makaa yanayoungua na kutoa kiasi kile kile cha kaboni dayoksaidi. Viwango vilikaribiana. Lavoisier akahitimisha kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole, na kwamba joto la mwili hutokana na kazi hiyo isiyokoma.

Mwaka 1783 alionyesha pia kwamba haidrojeni ikiungua ndani ya oksijeni huzaa maji. Yale maji aliyoyachemsha kwa siku 101 bila kuyabadili sasa yalithibitika kuwa muungano wa gesi mbili. Kuyachemsha hakukuyavunja, ilihitajika nguvu ya aina nyingine.

Kitabu na kosa lake

Mwaka 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa, alichapisha kitabu chake kikuu cha mafunzo ya kemia, chenye picha zilizochorwa na Marie-Anne. Humo alieleza kwamba katika kazi yoyote ya asili au ya mikono, kiasi cha vitu vilivyopo mwanzoni ni sawa na kiasi kilichopo mwishoni. Aliweka kanuni hiyo katika sura inayohusu kuchacha kwa maji ya zabibu. Angeweza kuiweka vilevile mbele ya chombo cha urwagwa: kukamua ndizi mbivu ni badiliko la kiumbo, lakini juisi inapochacha, sukari yake hugawanyika kuwa kileo na kaboni dayoksaidi. Mapovu yanayopanda juu ni sehemu ya sukari inayoondoka.

Kitabu hicho kilikuwa na orodha ya vitu 33 alivyovihesabu kuwa vya msingi, visivyoweza kugawanywa zaidi. Kwa jicho la leo, orodha hiyo ina makosa. Joto na mwanga vimo. Na chokaa iliyochomwa, ile ile inayozaliwa katika tanuri za saruji, imo pia. Mskoti Joseph Black alikuwa amekwisha kuonyesha, katika miaka ya 1750, kwamba mawe ya chokaa hupoteza gesi yanapochomwa. Lakini kilichobaki baada ya gesi kuondoka hakuna aliyeweza kukivunja. Lavoisier alihisi kwamba chokaa huenda ni madini yaliyofungamana na oksijeni, akaandika shaka yake, ila hakuwa na njia ya kuithibitisha. Mwaka 1808 Humphry Davy alitumia umeme na kupata kalsiamu.

Maji ndani ya tumbaku

Kampuni ya kodi ilichukiwa na wananchi, na si bila sababu. Kodi ya chumvi iliwaelemea maskini, na ukuta uliojengwa kuizunguka Paris ili kuzuia bidhaa za magendo, kwa pendekezo la Lavoisier, uliongeza hasira. Mwanasiasa Jean-Paul Marat, ambaye maandishi yake kuhusu moto hayakupata heshima aliyoitarajia katika Akademia, alimshambulia hadharani.

Ndani ya kampuni hiyo, Lavoisier alishughulikia pia biashara ya tumbaku. Wauzaji wadogo walikuwa na desturi ya kuchanganya tumbaku na majivu ili kuongeza uzito. Mchanganyiko wa namna hiyo ni badiliko la kiumbo: tumbaku ilibaki tumbaku na majivu yalibaki majivu, ila jicho halikuweza kuyatenganisha. Lavoisier alieleza namna ya kuufichua udanganyifu kwa badiliko la kikemia. Tone la asidi likimwagwa, majivu hutokota na kutoa povu kwa sauti inayosikika, na tumbaku safi haifanyi hivyo.

Mnamo Novemba 1793 serikali ya Mapinduzi iliamuru wakusanya kodi wa zamani wakamatwe. Miongoni mwa tuhuma zao ilikuwamo ile ya kuongeza maji kupita kiasi katika tumbaku ili kuwaibia wananchi kwa uzito na kudhuru afya zao. Mtu aliyeutumia ujana wake kuwafichua wadanganyifu wa tumbaku akawa anashtakiwa kwa udanganyifu wa tumbaku, na aliyefundisha dunia kupima kila kilichoongezwa na kilichoondoka hakupata mahakama yenye subira ya kupima. Kesi ilisikilizwa tarehe 8 Mei 1794, na siku hiyo hiyo Lavoisier na wenzake 27 walikatwa vichwa kwa gilotini. Baba mkwe wake alikuwa mmoja wao.

Marie-Anne alipoteza mume na baba kwa siku moja, na yeye mwenyewe akafungwa kwa muda. Baadaye serikali mpya ilimrudishia mali na vyombo vya maabara, ikikiri kuwa hukumu haikuwa ya haki. Alikusanya maandishi ya mwisho ya mumewe na kuyachapisha, na aliishi hadi mwaka 1836.

Mfuko uliogandia ghalani

Urithi wa Lavoisier hukutana na mtu wa Rusizi mahali pasipotarajiwa, kama vile kwenye ujenzi wa nyumba. Wengi husema kwamba saruji imekauka, kana kwamba ni nguo iliyoanikwa. Saruji haigeuki kuwa ngumu kwa kupoteza maji. Hugeuka kuwa ngumu kwa kuyachukua na kuungana nayo, kama ilivyokuwa jasi ya mwaka 1765. Ndiyo maana fundi anayejua kazi humwagia zege maji kwa siku saba au zaidi na kulifunika lisipigwe na jua. Zege lililoachwa likaukiane mapema hunyimwa kitu kinachohitajika ili badiliko likamilike, nalo hubaki dhaifu hata likionekana gumu. Udhaifu huo hujitokeza baadaye, wakati ukuta umekwisha kubeba paa na watu wamelala chini yake.

Vivyo hivyo kwa mfuko uliopata unyevu ghalani wakati wa masika. Saruji iliyogandia humo inaweza kupondwa na kusagwa ikawa unga tena, nayo ikafanana kabisa na saruji mpya. Lakini kusaga ni badiliko la kiumbo, na haliwezi kufuta badiliko la kikemia lililokwisha kutokea. Rangi ya unga huo itakuwa ya kijivu, utakuwa laini mkononi, na anayenunua kwa macho hatagundua tofauti. Uzito wa maji uliyoyameza, hata hivyo, bado umo ndani yake.